Hakufulia: Kwa Nini MC Yule Aliuza Kigari Chake cha Siti Mbili

Hapa mjini ukiuza gari hakuna anayekuuliza kwa nini. Watu wanajijibu wenyewe. Umefulia, una madeni, biashara imebuma, au kuna mtu alikuwa anakulipia na sasa kachoka. Ndo yaliyomkuta MC mmoja wa harusi hapa Dar, jina kapuni, siku kigari chake chekundu cha siti mbili kilipoonekana mtandaoni kimeandikwa "INAUZWA, bei maelewano". Mpaka jioni, kwenye magrupu ya WhatsApp ya watu wa sherehe stori ilikuwa imeshaiva: jamaa kaishiwa.

Wiki chache baadaye mambo yakawa mabaya zaidi. Jamaa akaonekana anashuka kwenye Toyota Noah nje ya ukumbi mmoja Mbezi Beach, suti kaitundika begani. Mwenye simu akapiga picha, picha ikazunguka. "Kutoka spoti mpaka daladala," mmoja akaandika, halafu akaweka vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi.

Ukweli wa ile ishu ni mwingine kabisa. Na unamhusu kijana yeyote anayeota gari ya aina ile, maana wanaoiota ni wengi, wanaoijua ni wachache.

Kwanza, ni gari gani?

Wengi waliokuwa wanaiona barabarani walidhani ni Ferrari ya Kichina. Hapana. Ni Mazda. Ulaya wanaiita MX-5, Marekani wamezoea kuiita Miata, na kule Japan toleo la kwanza liliuzwa kwa jina la Eunos Roadster. Ya kwake ilikuwa hiyo hiyo ya kwanza, ya mwaka 1992, injini ya 1.6, gia 5 za mkono, paa la turubai unalikunja mwenyewe kwa mkono, na zile taa za mbele zinazochomoza ukiziwasha, kama mtu aliyeshtuka usingizini.

Historia yake tamu kidogo. Mwaka 1979 mwandishi wa magari wa Marekani, Bob Hall, aliwachokonoa wakubwa wa Mazda watengeneze gari ndogo nyepesi ya wazi, kama yale magari ya Kiingereza ya zamani ambayo yalikuwa yanaisha sokoni. Wajapani wakachukua muda wao. Februari 1989 wakaianika kwenye maonyesho ya magari ya Chicago, na dunia ikachanganyikiwa. Mwaka 2000 Guinness waliiandika kuwa gari ya spoti ya siti mbili iliyouzwa zaidi duniani, na Aprili 2016 ikatengenezwa ya milioni 1.

Cha ajabu ni kwamba haina nguvu za kutisha. Ile ya 1.6 ya Kijapani ina nguvu ya farasi kama 120 tu. Siri yake ni uzito. Toleo la kwanza lilikuwa na kilo 940 hivi, yaani tani moja haifiki. Chukua Land Cruiser V8, ile ina zaidi ya tani mbili na nusu. Mazda wana msemo wao wa Kijapani, jinba ittai, maana yake farasi na mpandaji wawe kitu kimoja. Injini imekaa mbele lakini imesogezwa nyuma kidogo, tairi za nyuma ndo zinasukuma, uzito umegawanywa karibu nusu kwa nusu kati ya mbele na nyuma. Ukikata kona gari haikuvuti kwenda kwake. Inakwenda ulikoangalia.

Ndo maana gari kama hiyo haihitaji spidi 180 ili ufurahi. Umekaa chini karibu na lami, upepo unakupiga, kila kitu unakisikia. Ukiwa na 60 unahisi uko na 100. MC alilijua hilo mapema sana: wazee wa tochi walimdaka Barabara ya Bagamoyo akiwa na 64 kwenye eneo la 50, na yeye alikuwa anaapa kwamba alikuwa anatembea taratibu. Elfu 30 ikamtoka, na askari akaomba aoneshwe zile taa zinavyochomoza.

Alivyoipata

Kabla ya hapo alikuwa na IST namba D, gari ya kila mtu. Ilimsaidia sana. Ilibeba suti, ilibeba spika ndogo, ilibeba bibi harusi aliyekwama, ilibeba ndugu. Hasa ndugu. Hapo patarudiwa.

Mwaka 2019 kazi zilikuwa zinamwendea vizuri. Wikiendi tatu kati ya nne alikuwa na sherehe, wakati mwingine send-off Ijumaa na harusi Jumamosi. Akauza IST, akachanganya na akiba, akaagiza Roadster Japan.

Watu wakiona bei ya mtandaoni wanachanganyikiwa kwa furaha. Yeye aliiona kwa dola 5,000 mpaka bandarini Dar, akasema mbona rahisi. Halafu zikaja kodi. Ushuru wa forodha asilimia 25. Ushuru wa bidhaa kwa injini ya ukubwa ule asilimia 5. Gari ikizidi miaka 10, asilimia 30 ya uchakavu. VAT asilimia 18 juu ya jumla yote hiyo, na vitozo vingine vidogo vidogo. Vinapandana kimoja juu ya kingine, mwisho kodi inakaribia kulingana na gari yenyewe. Mpaka inapata namba na kutoka bandarini, jamaa alikuwa ametoboka milioni 24.

Milioni 24 kwa gari ya mwaka 1992 yenye siti mbili. Mama yake mzazi, anayeishi Mbagala, aliizunguka mara mbili bila kusema kitu. Kisha akauliza, "Nyingine inakuja lini, baba?" Alidhani imeletwa nusu.

Raha yake, tuwe wakweli

Hakuna haja ya kudanganya kwamba alijuta toka siku ya kwanza. Aliipenda kufa.

Mchana ilikuwa kichekesho. Dar na jua lake, ukifungua paa saa 7 mchana unaiva kama mahindi ya kuchoma. Kwenye mataa kila machinga anakuja kwako kwanza kwa sababu paa liko wazi. Makonda wa daladala walikuwa wanamtania, "Bosi, bati lako limeezuliwa!" Watoto wa shule wanapunga mikono. Kwa kazi yake hiyo yote ilikuwa promo ya bure.

Raha yenyewe ilikuwa usiku. MC anamaliza kazi saa 7, saa 8 usiku. Sauti imekauka, miguu inauma, kichwani bado kuna vigelegele na muziki. Anakunja paa, anapita kando ya bahari. Daraja la Tanzanite lilipofunguliwa mwaka 2022 ndo ikawa njia yake hata kama haikuwa njia ya kwake. Anavuka, anageuza, anavuka tena. Hakuna foleni, kuna harufu ya chumvi na injini ndogo inaimba. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kuongea mbele ya watu 400, ile nusu saa bila kuongea na mtu ilikuwa dawa.

Gharama nazo zilikuwepo ila hazikuwa za kuua. Rimu zake ni 14, kwa hiyo tairi ni bei ya kawaida. Plagi na filta hazikumsumbua. Kilichomsumbua ni vitu vya uzee. Silinda ndogo ya klachi ilivuja, asubuhi moja akakanyaga klachi ikaenda moja kwa moja chini haikurudi. Rejeta ilikuwa imebadilika rangi juu ikawa kahawia, fundi akamwambia, "Bro, hii ikiwa kahawia hivi inakuaga," akapuuza, ikapasuka Ubungo kwenye foleni. Kioo cha nyuma ni cha plastiki, kikapata njano mpaka akawa haoni nyuma. Na masika yake ya kwanza alikuta maji ndani ya gari, kumbe yale magari yana vitundu nyuma ya siti vya kutolea maji ya mvua kutoka kwenye turubai. Vikiziba majani na vumbi, maji yanatafuta pa kwenda, na yakikaa ndani ya bodi kutu inaanza kimya kimya. Spea nyingine Ilala hakuna, zinaagizwa, unasubiri wiki mpaka mwezi.

Na matuta. Mdau, matuta ya mitaa ya Dar hayakuchongwa kwa ajili ya kigari cha chini vile. Kila tuta alilipanda kiupande upande kama kaa.

Neno "siti mbili"

Sasa turudi kwa ndugu.

Enzi za IST jamaa alikuwa dereva wa ukoo. Msiba Temeke, yeye. Mtoto wa dada ana homa saa 6 usiku, yeye. Mjomba anatoka mkoani, nani ampokee stendi? Yeye. Hakuna aliyekuwa anamuuliza kama amelala. Ukiwa na gari katika familia ambayo wengine hawana, gari si yako peke yako, hilo kila mtu analijua.

Roadster ilipofika, hiyo habari ikaisha kwa maneno mawili. "Siti mbili." Mnaenda kwenye kipaimara watu watano? Siti mbili. Kuna gunia la mchele la kupitia? Siti mbili, na buti yenyewe inameza begi moja. Mwanzoni waliona ni utani, wakacheka naye. Baadaye wakaacha kuomba. Baadaye zaidi wakaacha kupiga simu.

Na yeye, usiku kwenye daraja, alikuwa anaona ni amani.

Mama yake alipanda mara tatu tu. Ana magoti, na ile gari unakaa chini kabisa. "Kuingia naingia, baba. Kutoka ndo mpaka niitiwe watu." Wakati huo jicho lake la kulia lilianza kuwa na ukungu, akawa anakwenda kliniki ya macho. Alikuwa anakwenda na bajaji, akisindikizwa na binti wa jirani. MC alikuwa anatuma nauli. Kila mwezi bila kukosa, alituma. Mtu asiseme hakuwa anamjali mama yake. Alikuwa anajali kwa M-Pesa.

Coaster ya Lushoto

Julai 2022 akafariki mama yake mkubwa, yaani dada mkubwa wa mama, huko kwao Lushoto. Huyu mama mkubwa alikuwa fundi cherehani zamani, mtu wa maneno machache, na MC aliishi kwake miaka miwili akiwa sekondari.

Ukoo ukakodi Coaster. Waondoke saa 4 usiku, wafike asubuhi, mazishi saa 7 mchana. MC akasema yeye ataenda na gari yake, ataondoka alfajiri. Akamwambia mama wapande wote, siti si ipo? Mama akakataa kwa upole. "Naenda kumzika dada yangu. Nataka nikae na wenzangu."

Basi akaondoka peke yake saa 10 alfajiri. Chalinze, Segera, Korogwe, akafika Mombo jua limeshatoka. Kwa wasiopajua: kutoka Mombo unaiacha barabara kuu, unaanza kupanda Milima ya Usambara kupitia Soni mpaka Lushoto. Ni kilomita 30 na kitu za lami nyembamba, kona juu ya kona, ukuta wa mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili. Ukitaka kujua kwa nini binadamu alitengeneza gari nyepesi, nenda pale. Hapo hapahitaji spidi. Ni gia ya pili, ya tatu, ya pili, usukani mwepesi, gari inageuka kabla hujamaliza kufikiria. Hewa inapoa kila kona. Pale Soni maporomoko ya maji yanaonekana ukiwa barabarani, na yeye paa liko wazi.

Alikuja kusema ile ndo ilikuwa safari tamu kuliko zote alizowahi kuendesha. Na alikuwa anakwenda kuzika. Alipofika juu akagundua anatabasamu, akaukunja uso kabla hajashuka.

Msibani akakuta watu wa Coaster wamekuwa kitu kimoja. Si unajua watu wakisafiri usiku kucha pamoja. Wamelia pamoja, wamekunywa chai Segera pamoja, wametaniana, wamesinziliana mabegani. Kuna mahali mzee mmoja kwenye benchi akasema, "Ah, dada na cherehani yake," na wote waliokuwa pale wakainamisha vichwa. MC naye akainamisha. Alidhani wanakumbuka ufundi wake.

Mwezi mzima ukapita. Siku moja yuko kwa dada yake Mbagala, wanapiga stori, dada akataja tena ile cherehani. Akamuuliza, hivi mbona kila mtu anaitaja?

"Kwani wewe hujui?"

"Nijue nini?"

Dada akamwangalia, halafu ndo akakumbuka. "Ah. Wewe hukuwemo kwenye Coaster."

Ikawa hivi. Usiku ule njiani, mjomba mmoja aliamua kufungua mdomo kwa kuwa mwenyewe ameshaondoka. MC alipokuwa kidato cha tatu baba yake hakuwa na ada, na kijana alikuwa anarudishwa nyumbani. Mama mkubwa aliuza cherehani yake, ile iliyokuwa inamlisha, akalipa ada ya mwaka. Akakataza mtu yeyote asimwambie mtoto, asije akasoma huku anahisi ana deni kichwani. Miaka yote ile MC aliamini ada ilitoka kwa baba. Miaka yote ile alikuwa anamwona mama mkubwa kama mtu aliyeacha kushona kwa sababu ya uzee.

Coaster nzima walijua. Watoto wa miaka 12 walijua. Yeye ambaye cherehani iliuzwa kwa ajili yake ndo alikuwa wa mwisho, na alizika bila kujua anamzika nani.

Kosa la gari?

Hapa watu wa komenti watagawanyika, na ni sawa. Gari haikumfunga kamba asipande Coaster. Angeweza kuiacha nyumbani siku ile akaenda na wenzake. Mwenyewe analisema hilo.

Lakini kuna kitu kuhusu gari ya siti mbili ambacho hakiandikwi kwenye tangazo. Kila asubuhi inakujibia swali. Nani anakuja? Hakuna. Ukiwa na gari ya siti tano, kumnyima mtu lifti unahitaji sababu, na unaisikia aibu kidogo. Ukiwa na siti mbili sababu umeshaizawadia nafsi yako, tena imepakwa rangi nyekundu. MC alijaribu kuhesabu ni mara ngapi ndani ya miaka mitatu alisema "siti mbili" akashindwa. Kinachouma ni kwamba nyingine alizisema kabla hata hajaombwa.

Alifikiria kubaki nayo na kuongeza gari nyingine ya familia. Mawazo mazuri, ila nyumba anayopanga ina parking ya gari moja, na hela ya kuendesha magari mawili kwa kazi ya MC, ambayo mwezi wa Ramadhani na Kwaresma inalala kabisa, haikuwepo. Ilibidi achague.

Kuuza nako ni shughuli

Mwanzoni mwa 2023 akaitupia mtandaoni kwa milioni 20. Meseji zikaja kama mvua. "Bei ya mwisho?" ndo ya kwanza, kabla hata ya salamu. Mwingine anataka wabadilishane na Crown. Mwingine anataka aje apige nayo picha tu, analipa elfu 50. Dalali mmoja akampigia anamwambia, "Kaka, hii gari ni ya kuangaliwa, sio ya kununuliwa, nipe kwa 12 nikutue mzigo."

Na hilo nalo ni la kulijua. Gari kama IST ukiiuza Jumatatu, Jumatano imeondoka. Gari ya spoti ya gia za mkono inasifiwa na watu 1,000 na kununuliwa na mmoja, na huyo mmoja unaweza kumsubiri miezi. Yeye alisubiri miezi miwili na nusu.

Mnunuzi alipokuja, sio kijana. Ni mama wa miaka 50 na ushee, mfanyabiashara wa vitenge Kariakoo. Alikuja na RAV4 yake. MC alidhani anamnunulia mtoto wake. Akampa shikamoo, akaanza kumweleza kwamba gia ni za mkono. Mama akamkatisha, "Marahaba. Mwanangu, nimejifunza kuendesha kwenye Hilux ya marehemu mume wangu. Lete funguo."

Wakazunguka. Anabadilisha gia kama maji. Waliporudi jamaa akashindwa kujizuia, akamuuliza kwa heshima, hivi mama, siti mbili zitakutosha kweli?

Mama akacheka. "Watoto wanne nimewalea, wote wameshaoa na kuolewa. Nimebeba watu miaka 30. Nimebeba wagonjwa, nimebeba maiti, nimebeba mabegi ya shule. Sasa nataka gari isiyombeba mtu."

Kisha akamkandamiza bei mpaka 17 bila huruma. Vitenge vimemfundisha.

Milioni 24 kuingia, 17 kutoka, na hapo hujaweka klachi, rejeta na turubai. Ndo hasara yake kwa mahesabu. Akanunua Noah iliyotumika kwa milioni 13. Iliyobaki ikaenda kwenye upasuaji wa jicho la mama. Mtoto wa jicho lilitolewa, na siku ya kwenda hospitali mama alipanda mwenyewe, mlango wa kuteleza, bila kuitiwa watu.

Sasa anaishije?

Usidhani amekuwa malaika. Simu za alfajiri zimerudi zote. Msiba Temeke, yeye. Mjomba stendi, yeye. Analalamika mafuta, analalamika watoto wa dada wanamwagia juisi kwenye siti, na Noah ikikata kona inalala kama mlevi. Anaimisi Roadster waziwazi na haoni aibu kusema. Siku moja alikutana nayo Kariakoo, imeoshwa inang'aa, yule mama kavaa miwani ya jua na kilemba, akapigiwa honi mbili.

Ila kwenye Noah watu wanaongea. Hicho hakukitegemea. Ukiwa unaendesha watu sita wanasahau kama upo, wanaanza kusimulia. Katika safari za kliniki peke yake amejua baba yake alikuwa anacheza dansi, amejua nani alikuwa karibu aolewe na nani, na kwamba ile cherehani ilinunuliwa na jirani na bado ipo Lushoto, bado inashona. Anataka kuinunua. Mwenyewe hataki kuuza.

Kwa hiyo wale wa "kafulia", tafuteni neno jingine.

Na wewe mdau unayeitamani Roadster, hakuna anayekukataza. Ni gari tamu kweli. Kabla ya kutuma dola, piga hesabu ya kodi kwanza, kisha ndo uangalie picha. Ikifika, zibua vile vitundu vya maji kabla ya masika, na usipuuze rejeta ya kahawia. Siku ya kuuza, andikishaneni mkataba na mbadilishe umiliki TRA, maana faini za barabarani zinafuata namba ya gari na zitakusumbua wewe uliyeandikwa. Na kama bado una watu wa kubeba, jua kabisa utawaambia nini. "Siti mbili" ni jibu rahisi sana kulizoea.

Je, ungekuwa wewe ungeuza, au ungekomaa nayo? Na yule mama wa vitenge, kakosea au kapatia? Dondosha maoni yako hapo chini.